Kilo 27 kwa miezi minne: uchambuzi wa kisa cha mama aliyekoma hedhi na namba aliyokuwa anaikimbiza

Kisa chenyewe kiko hivi. Mama wa miaka 57, fundi cherehani wa Tanga, hedhi ilikoma akiwa na 51. Urefu sentimita 158, uzito kilo 92, kiuno inchi 43 kwa tepu yake mwenyewe ya kazini. Presha 148/92 na hapo anameza dawa ya presha, amlodipine, kila siku, sukari ya asubuhi kabla hajala kitu 6.4, magoti yanauma akipanda ngazi. Anataka kufika kilo 65, na anataka afike kabla ya harusi ya binti yake ambayo ilikuwa imebaki miezi minne. Nitamwita Bi S, vitu vya kumtambulisha nimevibadilisha, na mwenyewe karidhia kiandikwe maana anasema wenzie kibao wanahangaika na jambo hilihili na hawana wa kumuuliza.

Mimi ni mtu wa lishe, na kesi kama hii ukiiangalia harakaharaka utasema tu mama hana nidhamu. Sio kweli hata kidogo. Alishaacha wanga kabisa wiki tatu akawa anakula matango na mayai, zikatoka kilo 5, zikarudi zote na moja ya ziada. Alishanunua chai ya kukata tumbo, tukasoma pakiti tukakuta ndani ni sanamaki ambayo ni dawa ya kuharisha, sasa kinachotoka pale ni maji na choo, mafuta ya tumboni hayajaguswa. Alishavaa mkanda wa kubana tumbo siku nzima kwenye joto la Tanga. Alishaacha kula usiku miezi miwili. Mtu wa hivyo anajituma kuliko wengi wetu. Alipokaa akasema, "mwanangu, mimi mwili wangu umekataa."

Mwili haukukataa kitu, namba ndo ilikuwa haiwezekani. Na ubaya wa namba isiyowezekana ni kwamba kila akishindwa kuifikia anaona kashindwa yeye, basi anatupa kila kitu hata yale mazuri aliyokuwa ameshayazoea, anakaa miezi analia moyoni kisha anaanza upya na kitu kikali zaidi. Kwangu mimi hapo ndo penye tatizo la kisa hiki, chakula kinafuata baadaye.

Hebu tupige hesabu ya alichokuwa anakitaka. Kilo 92 kwenda 65 ni kilo 27, karibu asilimia 29 ya mwili wake. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori kama 7,700. Kuzitoa kilo 27 kwa siku 120 inabidi kila siku apungukiwe kalori zaidi ya 1,700. Mama wa umri wake, urefu wake na kazi ya kukaa kwenye cherehani anachoma kama 2,000 hivi kwa siku nzima. Kwa hiyo alitakiwa aishi na kalori 300 kwa siku miezi minne mfululizo, yaani vikombe viwili vya uji mwepesi asubuhi hadi asubuhi, huku anashona nguo za harusi za watu na anapika nyumbani. Nilimwandikia hizo hesabu kwenye karatasi, akaziangalia kisha akauliza "sasa wale wanaosema wamepunguza kilo 20 kwa mwezi?" Nikamwambia mama, hesabu ndo hiyo, wewe mwenyewe ukipewa mita moja ya kitambaa hutoi magauni matatu.

65 ilitoka wapi? Ndo uzito aliokuwa nao kabla ya mtoto wa tatu, akiwa na miaka 34. Hakuna daktari aliyempa, hakuna kipimo kilichosema 65 ndo afya. Ni kumbukumbu tu ya picha iliyoko sebuleni, na dada zake kila wakija wanaiangalia ile picha na kusema "ulikuwa mzuri wewe". Na hayuko peke yake. Mwaka 1997 Marekani walichapisha utafiti wa wanawake 60 wanene waliokuwa wanaanza matibabu, wakaulizwa wanataka kufika wapi, wastani wakataka kupungua asilimia 32. Wakaulizwa pia uzito gani ukiufikia utaona umeangushwa kabisa, wakautaja. Baada ya wiki 48 walikuwa wamepungua wastani wa kilo 16, ambayo ni nyingi sana, lakini karibu nusu yao, asilimia 47, hawakufika hata ule uzito waliousema wenyewe ungewaangusha. Kilo 16 zimetoka na mtu bado anajiona kashindwa! Mi hicho ndo kitu kinachoniumiza kwenye hii kazi.

Sasa tuje kwenye ukomo wa hedhi wenyewe, maana Bi S alikuwa anaamini hedhi ilipokoma ndo ikamnenepesha. Kuna ukweli na kuna kuzidisha. Wanawake wengi wa umri wa kati huongezeka kidogokidogo kila mwaka, kama nusu kilo na kitu, na hiyo inatokana zaidi na umri na maisha kuliko kukoma hedhi kwenyewe. Kukoma hedhi kunabadilisha mahali mafuta yanapokaa. Marekani kuna utafiti mkubwa unaitwa SWAN ambao umewafuata wanawake tangu miaka ya 1990, walichokiona ni kwamba kipindi cha kuelekea ukomo mafuta yanaongezeka kwa kasi maradufu na misuli inaanza kushuka, mpaka kama miaka miwili baada ya hedhi ya mwisho ndo inatulia. Mizani inaweza isionyeshe kitu cha kutisha kwa sababu kimoja kinapanda kingine kinashuka, ila sketi inakataa kufunga. Estrojeni, ile homoni ya kike, ikipungua mafuta yaliyokuwa yanakaa mapajani na makalioni yanahamia tumboni, ndani kabisa karibu na ini na matumbo, na hayo ndo yanayopandisha sukari na presha.

Halafu kuna lile la "mwili umepunguza kasi ya kuchoma". Mwaka 2021 watafiti wakiongozwa na Herman Pontzer walikusanya vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, wakakuta ukishahesabu ukubwa wa mwili na misuli, uchomaji haubadiliki kuanzia miaka 20 mpaka 60, wanawake kwa wanaume, na baada ya 60 unashuka polepole, chini ya asilimia moja kwa mwaka. Kwa hiyo Bi S mwenye 57 uchomaji wake kwa ukubwa wake uko sawa tu. Kilichopungua ni misuli na mwendo, zamani alikuwa anatembea sokoni na kurudi, siku hizi bodaboda inamchukua mlangoni. Na usingizi, hili watu hawalihesabu, zile joto za ghafla za usiku zinamwamsha mara tatu mara nne, asubuhi kachoka anatafuta chai tamu na kitumbua apate nguvu ya kukaa kwenye mashine.

Kabla ya kugusa sahani yake nilimtuma hospitali kwanza. Hapa nasimama kidogo maana ni muhimu kuliko kupungua. Tumbo la mama aliyekoma hedhi usiliite mafuta bila kuangaliwa. Vivimbe vya kizazi kwa kawaida vinasinyaa hedhi ikikoma, sasa kama tumbo linazidi kukua, unashiba mapema, limejaa gesi wiki baada ya wiki, piga ultrasaundi, saratani ya ovari inakuja hivyohivyo kimyakimya. Na damu yoyote ikitoka baada ya mwaka mzima bila hedhi, hata tone, ni hospitali na sio dawa za miti shamba. Akaangaliwa na tezi ya shingoni pia. Na dawa anazomeza, kwa sababu insulini na glibenclamide za kisukari, amitriptyline ya sonona na maumivu, prednisolone na dexamethasone za kupunguza uvimbe, zote zinaweza kuongeza uzito na kuna kina mama wanapewa vidonge vya magoti vimefungwa kwenye kikaratasi bila jina, hujui ndani kuna nini. Kwa Bi S vyote vilikuwa salama, ila miguu ilikuwa inavimba jioni na hiyo ilitokana na amlodipine, ni maji tu, daktari akamrekebishia. Dawa ya presha hakuiacha, na asiiache mtu yeyote kwa sababu kapungua kilo mbili tatu bila daktari kusema.

Aliuliza pia kuhusu vidonge vya homoni. Kwa zile joto za usiku vinaweza kusaidia na ni mazungumzo yake na daktari, utafiti haujaonyesha kwamba vinanenepesha, lakini sio dawa ya kupunguza mwili, asivinunue kwa hilo.

Baada ya hapo ndo tukaingia jikoni, na nilimwomba aniletee vitu viwili tu, idadi ya vijiko vya sukari na lini mafuta yanaisha. Chai vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe, hivyo ni vijiko 12, karibu kalori 190. Mafuta ya kupikia lita moja kwa wiki, nyumba ya watu wanne, ukigawa ni kalori karibu 300 kwa kila mtu kila siku, na hapo tui la nazi halijahesabiwa. Ugali na wali alikuwa anaviogopa kama sumu kumbe hivyo havikuwa hata vikubwa kwake! Tukakubaliana: chai kijiko kimoja, lita ya mafuta ifike siku 10, tui zito liwe la mara mbili kwa wiki na siku nyingine wapike na jepesi, kitumbua kimoja asubuhi badala ya vitatu, wali au ugali unabaki ila robo ya sahani na mboga nusu. Jumla inapungua kama kalori 300 kwa siku na hakuna mtu nyumbani anayelala njaa.

Sasa hapo ndo pa kuongea ukweli, na washauri wengi hapa ndo wanamdanganya mama wa watu. Ukichukua kalori 300 mara siku 365 ukagawa kwa 7,700 unapata kilo 14 kwa mwaka. Inapendeza kwenye karatasi. Lakini mwili ukipungua unachoma kidogo zaidi, kwa hiyo ule upungufu unazidi kufifia. Kevin Hall na wenzake mwaka 2011 walitoa kanuni ya karibu na ukweli zaidi: kila kalori kama 24 unazoacha kwa siku, na ukaendelea kuziacha, mwishowe zinakupunguzia kilo moja, nusu yake inatoka mwaka wa kwanza na karibu yote ndani ya miaka mitatu. Kwa kalori 300 ni kilo 6 hivi mwaka wa kwanza. Kwa hiyo nikamwambia Bi S wazi, mwaka mmoja, kilo 5 mpaka 8, na siku ya harusi tarajia 3 au 4.

Alinyamaza, alikasirika kidogo nadhani. Akasema "mwanangu kilo sita hata watu hawataziona."

Nikamweleza kuhusu ule utafiti wa Marekani wa kuzuia kisukari uliotoka 2002, watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa mlangoni mwa kisukari kama yake. Lengo walilopewa lilikuwa asilimia 7 ya mwili na dakika 150 za mazoezi kwa wiki, basi. Waliokuwa kwenye kundi hilo kisukari kilipungua kwa asilimia 58 ukilinganisha na wasiopewa kitu, na wenye miaka 60 kwenda juu kilipungua asilimia 71. Asilimia 7 ya kilo 92 ni kilo 6.4. Zile "ambazo watu hawataziona". Mama yake Bi S alifariki na kisukari kimemkata mguu, kwa hiyo hii haikuwa takwimu tu kwake, ndo ilimfanya akae vizuri kwenye kiti.

Mazoezi yana uongo wake pia. Pontzer huyohuyo alishakuja kwetu, kwa Wahadzabe wa kule Ziwa Eyasi, 2012 wakachapisha kwamba pamoja na kutembea na kuchimba mizizi kila siku, ukihesabu ukubwa wa mwili Wahadzabe wanachoma kwa siku sawa tu na watu wa Marekani na Ulaya. Kwa hiyo mama anayekimbia uwanjani wiki mbili akisubiri tumbo liondoke atakata tamaa bure. Mazoezi kazi yake nyingine: presha, sukari, usingizi, magoti, na kuliko vyote misuli. Ukipungua kwa kula kidogo tu, karibu robo ya unachopoteza sio mafuta, ni misuli na vitu kama hivyo, na mama aliyekoma hedhi mifupa yake tayari inapungua, sasa ukimnyima chakula kwa kasi anakuwa mwembamba dhaifu wa kuvunjika nyonga. Mwaka 2017 Villareal na wenzake walionyesha kwa wazee wanene waliokuwa wanapunguza uzito kwamba walioweka kutembea pamoja na kunyanyua vizito ndo walioboreka zaidi kwenye kufanya shughuli za mwili kuliko waliofanya kimoja.

Kwa Bi S jimu haikuwezekana na wala hakuihitaji. Kusimama na kukaa kwenye kiti bila kushika, kusukuma ukuta, kubeba vidumu viwili vya lita tano kuzunguka uani, siku tatu kwa wiki, na kutembea nusu saa baada ya alasiri, jua likishapoa. Kwenye kila mlo kitu cha kujenga misuli, mayai, maharage, choroko, samaki, na dagaa hasa, wa bei ndogo na wamejaa protini na kalsiamu, tena akawa anawachemsha na nyanya badala ya kuwakaanga.

Ilivyokwenda. Wiki mbili za kwanza kilo 1.8, akafurahi sana nikamwambia tulia, nyingine humo ni maji maana wanga unaohifadhiwa mwilini unashika maji mara tatu ya uzito wake, ukipunguza kula yanatoka kwanza. Ndo siri ya zile kilo 5 za matango. Siku ya harusi alikuwa kapungua 4.2, na gauni alilishona mwenyewe wiki ya mwisho kwa kipimo cha siku ile, hakulishona dogo akisubiri mwili ulifuate, hilo nililisisitiza sana. Shangazi mmoja bado akamwambia "mbona uko vilevile".

Kisha mizani ikasimama, wiki tisa nzima haikusogea. Hiki kipindi ndo kinachowaua wengi kwa sababu wanaona dawa imeisha nguvu wanaongeza ukali. Tulichofanya ni kuangalia tepu, na tepu ilikuwa imeshuka inchi moja kipindi hichohicho, na ngazi za msikitini alikuwa anapanda bila kushika ukuta. Tukaacha kila kitu kama kilivyo. Ramadhani ikamrudishia kilo moja na nusu, mihogo ya nazi, kalimati, maharage ya tui zito, na ni haki yake kula na watu wake mwezi mtukufu, zikatoka tena taratibu baada ya Idi na hakukuwa na matango wala sanamaki.

Mwaka ulipotimia: kilo 84.9, kiuno inchi 40, sukari 5.7, presha 136/84. Kapungua kilo 7.1, asilimia 7.7. Kiuno bado kiko juu ya ile sentimita 80 inayotajwa kuwa mpaka kwa wanawake na kwenye makaratasi bado anaitwa mnene, nami simfichi hilo. Ila sukari imeshuka na magoti hayamuamshi usiku.

Wapo watakaosema nimemwekea lengo dogo. Tuangalie wengine basi. Kule Marekani kwenye utafiti mkubwa wa afya ya wanawake unaoitwa WHI wanawake 48,835 waliokoma hedhi, sehemu yao walifundishwa kula mafuta kidogo na mboga zaidi, hawakuambiwa wapungue, mwaka wa kwanza walishuka kilo 2.2, na baada ya miaka saba na nusu tofauti yao na wenzao ilibaki 0.4. Kushika ulichopata ndo kazi ngumu kuliko kukipata. Kwa hiyo mama aliyepungua kilo 7 na anajua kuzishika, mimi namwona yuko mbali sana.

Liko la sindano za kupunguza uzito bado, maana mdogo wake yuko Muscat anachoma na kapungua haraka, anamtumia picha kila wiki. Sindano zinafanya kazi, hilo lazima lisemwe. Utafiti wa 2021 wa semaglutide, dawa mojawapo ya sindano hizo, watu walipungua wastani wa karibu asilimia 15 kwa wiki 68 wakiwa wanarekebisha na chakula, lakini walioacha, mwaka mmoja baadaye theluthi mbili ya walichopunguza kilikuwa kimerudi. Kwa hiyo ukianza jua ni dawa ya muda mrefu kama ya presha, na ina bei yake kila mwezi, na inataka daktari anayekufuatilia na wewe ukilinda misuli hivyohivyo kwa chakula na vidumu. Na usinunue kwa mtu wa mtandaoni, Juni 2024 WHO walitoa tahadhari kuhusu semaglutide feki. Bi S kasema kwa sasa hapana, hela hiyo ananunua mashine ya kudarizi.

Mwaka wa pili hatujaweka kilo za kushusha. Mwili wa kilo 85 unachoma kama kalori 100 pungufu ya ule wa 92, kwa hiyo akirudi kula kama zamani zitarudi tu, ndo maana lengo tuliloandika ni kubaki chini ya 86, mizani mara moja kwa wiki siku ileile, tepu mara moja kwa mwezi, sukari kila miezi sita, na vidumu vimepanda kutoka lita tano kwenda lita kumi. Zikitoka kilo nyingine mbili tatu ni sawa, na ile picha ya sebuleni amemwambia mumewe ibaki palepale ilipo.